Skii na familia bila kumaliza akiba: kwa nini nawapeleka watu Lookout Pass

Kila baridi ikianza naletewa meseji na wazazi wa Missoula (Montana) na Spokane (Washington), wengi ni ndugu zetu Wakongo waliohamia huku, na swali huwa ni lile lile: watoto wanasikia wenzao shuleni wakiongelea skii, yaani kuteleza kwenye theluji, na wao wanataka, sasa mwalimu, hiyo si michezo ya matajiri? Mi kazi yangu ni kufundisha skii, watoto na watu wazima wanaoanza, na jibu langu ni kwamba bei iko kwenye mlima uliouchagua. Ukienda Vail kule Colorado siku za msimu wa juu, ukakata dirishani tiketi ya lifti (mitambo ya kukupandisha mlimani), mtu mzima mmoja anatoa zaidi ya dola 300 kwa siku moja, na hapo hajakodi hata buti. Watu watano wa nyumba moja, hiyo ni kodi ya mwezi imeondoka kwa siku moja.

Na hizo hela unalipia nini? Unalipia miteremko ambayo familia inayoanza haitaigusa leo wala msimu ujao. Anayeanza anahitaji kamteremko kapole, zulia la umeme la kumrudisha juu, halafu lifti moja ya viti yenye njia za kijani, basi. Kwenye mabango ya Marekani duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wastani, almasi nyeusi achana nayo kwanza. Kijani cha mlima mkubwa na kijani cha mlima mdogo ni theluji ile ile.

Ndo maana nawapeleka Lookout Pass. Iko mpakani kabisa mwa Idaho na Montana, juu ya barabara ya I-90, unatokea exit namba 0, kutoka Spokane ni kama kilomita 145 na kutoka Missoula kama 170, hakuna ndege, hakuna basi la kuunganisha, unapaki gari unatembea mpaka lojini, yaani jengo la kupumzikia na kula. Watu wanateleza pale tangu miaka ya 1930. Theluji yenyewe ni nyingi sana, wastani wanaoutangaza ni zaidi ya inchi 400 kwa msimu, yaani kama mita kumi, na tiketi ya mtu mzima bado iko chini ya dola 100. Afu kuna jambo la urefu wa mlima ambalo wazazi hawaliulizi kabisa na mi nalipenda: loji iko chini ya mita 1,500 na kilele cha Eagle Peak ni kama mita 1,870, sasa Nairobi ni karibu mita 1,800, kwa hiyo mtoto haumwi kichwa wala hatapiki kwa sababu ya hewa nyepesi. Breckenridge kule Colorado mji wenyewe tu uko zaidi ya mita 2,900, kuna familia zinapoteza siku nzima ya kwanza zimelala hotelini na tiketi zimeshalipiwa.

Kuhusu msongamano, watu wanadhani ni suala la foleni tu. Foleni inachosha lakini haimuumizi mtu, kinachomwogopesha anayeanza ni watu wanaompita kasi kutoka nyuma. Sheria iko wazi, aliye chini ndo mwenye haki ya njia na aliye juu ndo amkwepe, ila mtoto wa miaka saba ambaye bado anajifunza kutengeneza pizza kwa miguu (ncha za skii zikutane mbele, visigino vifunguke, ndo breki yenyewe) akipitwa na kijana mwenye spidi anakakamaa, anaegemea nyuma, na ukiegemea nyuma skii zinakukimbia. Mteremko ukiwa na nafasi mtoto huyo huyo anakata kona pana kushoto kulia bila presha, na kufikia mchana anateleza mwenyewe. Nimeliona hili mara nyingi mno, utulivu wa mlima ni nusu ya somo.

Sasa hii ndo sababu kubwa ya kupachagua: Lookout wana shule ya bure ya watoto, ipo tangu 1942, Jumamosi asubuhi msimu wa baridi, kwa watoto wa miaka 6 hadi 17. Masomo ndo bure, tiketi ya lifti na vifaa unagharamia mwenyewe, na usajili ufanye mapema kabla msimu haujachanganya. Na kama una mtoto darasa la tano au la sita kuna pasi ya Idaho yenye ada ndogo tu, inampa wa darasa la tano siku tatu kwenye kila mlima ulio kwenye mpango, wa darasa la sita siku mbili, na si lazima muwe wakazi wa Idaho. Jamani hii watu wetu wengi hawaijui, naomba mwambizane.

Mavazi usinunue mapya. Mitumba ya huku imejaa majaketi na suruali za theluji kwa bei ya chini sana, chukua tu. Ndani usivae pamba, pamba inashika jasho na ikilowa unaganda, vaa sufu au polista. Soksi ni moja, nyembamba, ndefu, watu wanavaa mbili wakidhani ni joto kumbe damu inabanwa na vidole vinakufa ganzi. Buti ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma, hapo iko sawa. Lakini skii zenyewe na helmeti za mitumba hapana! Helmeti iliyowahi kupigwa huwezi kuijua kwa macho, na baindingi (vile vinavyoshika buti kwenye skii) za zamani mafundi wa duka hawaruhusiwi kuzirekebisha. Vifaa vya mtoto kodi kwa msimu mzima, maduka mengi wanakodisha hivyo. Na ukiulizwa uzito, urefu, umri na kiwango chako sema ukweli, hata kama kuna watu wanasikiliza, maana fundi anatumia hizo namba kuseti baindingi iachie mguu wakati gani: ukijifanya mtaalamu haitaachia ukianguka na goti ndo litalipa, ukipunguza kilo itaachia hovyo katikati ya kona.

Lifti za milima midogo nyingi ni zile za zamani, kiti hakipunguzi mwendo kikifika, kinakuja na kukupiga nyuma ya magoti. Mwambie jamaa wa lifti kabla hujasogea kwamba mnaanza, atapunguza spidi, hiyo ni kazi yake na wala hakasiriki. Fimbo zote mkono mmoja, angalia nyuma, kaa, shusha chuma cha usalama.

Mafuta ya jua pakeni wote, weusi wetu hautoshi, theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya miale ya UV na macho ndo yanaumia kwanza, kwa hiyo miwani ni lazima. Chakula bebeni, chapati na chai kwenye chupa, kuleni saa tano kabla loji haijajaa, saa sita wengine wakiingia kula nyie mnarudi kwenye lifti ambazo hazina watu. Saa nane watoto wa shule ya asubuhi wengi washachoka, na kwa familia zinazoenda kanisani Jumapili hiyo Jumamosi mchana ndo muda wenu. Epukeni wiki ya Krismasi na wikiendi ya Presidents' Day mwezi wa pili. Mkitaka kulala, mji wa Wallace uko kilomita 20 tu na vyumba bei yake ni ya kawaida, ni mji wa migodi ya fedha, taa ya mwisho ya trafiki kwenye I-90 kati ya Seattle na Boston ilikuwa pale mpaka 1991.

Mnaotoka Missoula, saa za Lookout ni za Pasifiki, ziko nyuma saa moja, mkifika saa tatu ya simu zenu pale bado ni saa mbili. Tairi ziwe za theluji na angalieni hali ya barabara usiku wa kuamkia safari, mlima ukifungwa na dhoruba lalani nyumbani, mtakuja wiki nyingine.