Taifa Stars kwenye AFCON: tunayoyasema kijiweni Kirumba na yaliyotokea uwanjani

Ukitoka Mwaloni Kirumba hapa Mwanza asubuhi, harufu ya dagaa ingali kwenye nguo, kuna kijiwe cha kahawa ambacho nimekizoea tangu ujana. Hapo mpira huzungumzwa kabla hata ya salamu kuisha. Ikija habari ya Pamba Jiji, timu yetu ya hapa Mwanza, kila mtu anaongea kwa uhakika maana ameona kwa macho yake. Ikija habari ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa, na Kombe la Mataifa ya Afrika, yaani AFCON, uhakika unabaki uleule ila mambo yenyewe yanachanganyika: mwaka huu unaingia kwenye mwaka ule, bao la mtu mmoja anapewa mwingine. Nawapenda watu wa kijiwe kile, na ni kwa sababu hiyo nimekaa chini kuyaandika haya. Kuna wachezaji wetu wanaodhulumiwa sifa zao, na wengine wanabebeshwa lawama zisizo zao.

“Mbona tulishamfunga Ivory Coast kwao, AFCON ileile?”

Hili nimelisikia mara nyingi kuliko yote, na Mwanza linasemwa kwa fahari ya pekee kwa sababu mfungaji ni mtoto wa nyumbani. Ushindi wenyewe upo. Februari 2009, jijini Abidjan, Tanzania iliwafunga wenyeji bao 1-0, na mfungaji alikuwa Mrisho Ngassa, mzaliwa wa Mwanza, aliyepitia Kagera Sugar kule Bukoba kabla ya kwenda Yanga. Kwa hiyo bao lile lina harufu ya Ziwa Victoria pande zote mbili.

Ila yale hayakuwa mashindano ya AFCON. Ilikuwa CHAN, tena CHAN ya kwanza kabisa kuchezwa, mashindano ya wachezaji wanaosakata kabumbu kwenye ligi za ndani ya nchi zao tu. Nyota wao Didier Drogba hakuwepo siku ile, na hakuruhusiwa kuwepo, maana alikuwa akicheza Uingereza. Ngassa mwenyewe, pamoja na kasi ile iliyowatesa mabeki kwa miaka, hakuwahi kucheza fainali za AFCON, yaani mashindano yenyewe baada ya mechi za kufuzu, hata dakika moja. Miaka yake mizuri yote iliangukia katikati ya kipindi ambacho Stars haikufuzu. Nikikumbuka hilo roho inaniuma, na sioni sababu ya kulifunika kwa kumpa mechi ambayo hakuicheza. Bao la Abidjan linatosha kwa jina lake.

Mchanganyo huohuo ulirudi baada ya Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa Tanzania, Kenya na Uganda. Stars iliifunga Burkina Faso 2-0, ikaifunga Mauritania 1-0, ikaifunga Madagascar 2-1, ikatoka 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati na kuongoza kundi, kisha ikatolewa na Morocco 1-0 robo fainali. Ushindi wa mechi tatu mfululizo! Mtu akikaa miezi michache, kichwani mwake ushindi ule unahamia AFCON.

Basi niiweke rekodi ya AFCON yenyewe wazi, mechi zote za fainali tangu nchi hii ianze kushiriki hadi Januari 2026: tumefuzu mara nne, yaani 1980, 2019, 2023 na 2025. Mechi 13. Sare 5, vipigo 8, ushindi hakuna. Mabao ya kufunga 9, ya kufungwa 23. Hakuna mechi ya AFCON ambayo Tanzania imewahi kushinda, na anayekwambia vinginevyo mwombe akutajie mwaka na mpinzani.

Mwaka 1980 na bao la Peter Tino

Hapa ndipo ningependa kukaa muda mrefu, kwa sababu ndipo upotoshaji ulipokomaa.

Kijiweni kwetu kuna mzee ambaye nikimwamkia tu, “Shikamoo mzee,” anaitikia “Marahaba kijana wangu,” na baada ya hapo tunarudi 1980. Yeye husimulia kwamba mchezaji wetu Peter Tino aliwafunga Wanigeria Lagos, kwenye fainali zilizochezwa kwao. Vijana nao, ambao hawakuwa wamezaliwa, wanasema timu ile ilikwenda Nigeria kushiriki tu, ikachapwa mechi zote na kurudi.

Bao la Tino ni la kweli na ni kubwa, ila halikufungwa Nigeria. Lilifungwa Ndola, Zambia, Agosti 1979. Stars, chini ya kocha Joel Bendera, ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam kwenye mechi ya kwanza ya kufuzu. Kule Ndola Wazambia walikuwa mbele, na Tino akasawazisha. Ikawa 1-1, na Tanzania ikaenda kwenye fainali kwa mara ya kwanza. Tuzingatie kitu kimoja: fainali zile zilikuwa na timu nane tu kwa Afrika nzima, wala si 24 kama leo. Kuitoa Zambia ndiko kulikokuwa mlima wenyewe. Ndiyo maana wazee wanaliongelea bao la Ndola kama bao la fainali, na kwa uzito wake nawaelewa.

Sasa Lagos. Machi 8, 1980, Stars ilifungua mashindano dhidi ya wenyeji na kufungwa 3-1. Bao letu, ambalo ni bao la kwanza la Tanzania kwenye historia ya AFCON, lilifungwa na Juma Mkambi, yule waliyemwita Jenerali. Nigeria hiyohiyo ndiyo iliyochukua kombe mwaka ule, ikiifunga Algeria 3-0 kwenye mechi ya mwisho ya kombe. Mechi ya pili tulifungwa na Misri 2-1, bao moja tu la tofauti. Mechi ya tatu tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Mabao yote mawili ya mechi hizo mbili alifunga mtu mmoja, Thuwein Ally.

Thuwein Ally. Muulize kijana yeyote wa Nyakato au Igoma jina hilo uone. Mabao mawili kwenye fainali za AFCON za mwaka mmoja, kazi ambayo hakuna Mtanzania mwingine aliyeifanya tangu hapo mpaka leo, na jina halijulikani! Wala hawakuchapwa mechi zote: walipata pointi moja kwenye kundi la bingwa, na kila mechi waliyocheza walifunga bao. Timu ya 2019 haikufanya hivyo, wala ya 2023.

“Mwaka 2019 tulipewa nafasi kwa sababu timu ziliongezwa”

Timu ziliongezwa kweli, kutoka 16 hadi 24, na Stars ilishika nafasi ya pili kwenye kundi nyuma ya Uganda. Hapo sina ubishi. Lakini hakuna aliyepewa kitu. Novemba 2018 Stars ilifungwa na Lesotho 1-0 na kila mtu akajua tumekwisha. Machi 24, 2019 ikabidi kuifunga Uganda, ambayo ilikuwa imeshafuzu. Wakafunga Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, na Aggrey Morris: 3-0, na miaka 39 ya kusubiri ikaisha siku hiyo pale Uwanja wa Mkapa, wakati huo ukiitwa Uwanja wa Taifa.

Kuhusu fainali zenyewe kule Misri, dhana ni kwamba tulikuwa mzaha wa kundi. Senegal walitufunga 2-0, Algeria 3-0. Timu hizo mbili ndizo zilizokutana kwenye mechi ya fainali, Algeria wakabeba kombe. Mechi iliyotuuma sisi wa kanda hii ni ile ya Juni 27 dhidi ya Kenya. Nilikuwa kwenye kibanda umiza Mabatini, watu wamekaa mpaka mlangoni, na kulikuwa na jamaa zetu wa Kisumu na Migori waliokuja kwa biashara ya samaki wamejipanga upande mmoja. Dakika ya 6 tu Msuva akafunga. Michael Olunga wa Kenya akasawazisha, na kabla hawajamaliza kushangilia Mbwana Samatta akarudisha uongozi. Tukaenda mapumziko 2-1 mbele. Ushindi wa kwanza wa AFCON ulikuwa mkononi, zimebaki dakika 45. Kipindi cha pili Johanna Omolo kwa kichwa, kisha Olunga tena. 3-2.

Wapo wanaosema Kenya walisonga mbele kwa mgongo wetu. Hapana. Waliishia nafasi ya tatu na hawakuingia 16 bora. Tulirudi wote.

Ya 2023 haikuchezwa 2023

Hili ni dogo, nilipitie haraka: fainali zilizoitwa za 2023 zilichezwa Ivory Coast Januari na Februari 2024. Morocco walitufunga 3-0, kocha wetu Adel Amrouche akafungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa maneno aliyosema juu ya Morocco, na Hemed Suleiman akashika timu. Tukatoka 1-1 na Zambia, Msuva akifunga mapema na Patson Daka akisawazisha dakika ya 88, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ile 0-0 ndiyo mechi pekee ya AFCON ambayo Stars haijaruhusu bao. Watu huibeza kwa kuwa haikuwa na mabao, mimi naihesabu miongoni mwa kazi nzuri za mabeki wetu.

“Timu iliyoingia 16 bora lazima ilishinda”

Januari 2026 niliulizwa swali hili na kijana anayeendesha bodaboda kutoka Pasiansi, kwa nia njema kabisa: “Kaka, tumeingiaje mtoano kama hatujashinda?” Ni swali zuri, na wengi wamelijibu vibaya, wengine wakisema tulibebwa.

Timu ni 24, makundi sita. Wawili wa juu wa kila kundi wanapita, hao ni 12. Zinabaki nafasi nne, zinazokwenda kwa timu nne bora kati ya sita zilizoshika nafasi ya tatu. Kule Morocco, kwenye fainali za 2025, Stars ikiwa chini ya kocha Miguel Gamondi, ilianza kwa kufungwa na Nigeria 2-1. Charles M'Mombwa alisawazisha na Ademola Lookman akafunga la pili karibu mara tu baada ya hapo. Ikafuata Uganda, Desemba 27, mechi ambayo Mwanza na Kampala zilipigiana simu kuvuka maji mchana kutwa. Msuva akafunga kwa penalti, Uganda wakasawazisha dakika ya 80, kisha wao wenyewe wakakosa penalti mwishoni. 1-1. Mechi ya mwisho Tunisia walitangulia kwa penalti, na Feisal Salum akasawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili. 1-1 tena.

Pointi mbili. Angola nao walimaliza wa tatu kwenye kundi lao wakiwa na pointi mbili na tofauti ya mabao ileile, hasi moja. Kilichotutenganisha ni mabao ya kufunga: sisi matatu, wao mawili. Ukiangalia hivyo, bao la M'Mombwa kwenye mechi tuliyopoteza, ambalo watu walilisahau usiku uleule, lilikuwa na thamani sawasawa na lile la Feisal. Hakuna aliyebebwa hapo. Kanuni ilijulikana kabla mpira haujaanza kuchezwa, na ilikuwa ileile kwa Angola.

Januari 4 tukakutana na wenyeji. Brahim Díaz alifunga bao pekee kipindi cha pili, na Stars ikatolewa 1-0, matokeo yaleyale Morocco waliyotutolea kwenye CHAN miezi minne na ushei kabla. Nimesikia ikisemwa Mwaloni kwamba tulidhalilishwa. Timu ileile, kwenye fainali zilizotangulia, ilitufunga matatu. Sijui aliyedhalilishwa ni nani.

Mfungaji wetu bora

Ukiuliza, utajibiwa Samatta. Ni nahodha, amecheza Ligi Kuu ya Uingereza, jina linakuja lenyewe. Kwenye AFCON Samatta ana bao moja, lile la Kenya. Anayeongoza ni Simon Msuva, mabao matatu, na kila moja kwenye fainali tofauti: 2019, 2023 na 2025. Hata tiketi ya kwenda Morocco ilipatikana kwa bao lake dhidi ya Guinea, Novemba 2024. Nyuma yake ni Thuwein Ally na mawili yake ya Lagos, halafu Mkambi, Samatta, M'Mombwa na Feisal, kila mmoja moja. Watu sita kwa mabao tisa, basi.

Fainali za 2027 zimepewa Kenya, Uganda na Tanzania, nchi tatu zilezile zinazogawana Ziwa hili. Wenyeji nafasi yao ya fainali ni ya uhakika, kwa hiyo mechi ya 14 ya Stars inatusubiri huku Afrika Mashariki.

Wiki iliyopita nilimsomea yule mzee orodha ile ya wafungaji. Alinyamaza, akaniambia nirudie jina la Thuwein, kisha akasema, “Kweli. Tino alikuwa Ndola.” Pale kijiweni kuna ubao mweusi tunaoandikia ratiba za mechi. Aliomba chaki, akaniambia niandike majina yote sita na nianze na Jenerali. Asubuhi hii yalikuwa bado yapo, juu kabisa, na mtu ameacha nafasi ya mstari mmoja chini yake.