Je, wajua kwa nini chungu kikifika makumbusho hakioshwi?

Ukipeleka makumbusho chungu cha zamani, tuseme kile alichokuwa akipikia bibi kule Kyela, ukaona wanakipokea na masizi yake na ukoko wake bila hata kukifuta vumbi, usidhani ni uvivu. Kwa mwanaanthropolojia anayesoma maisha ya watu kupitia vitu vyao, uchafu ule ni nusu ya alichokuja kukitafuta. Pengine zaidi ya nusu.

Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila ukipika, mafuta ya chakula huzama humo na kukwama. Yakishakingwa na udongo, yanaweza kudumu maelfu ya miaka. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Katherine Grillo na Julie Dunne walichapisha matokeo ya vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vya kati ya miaka 5,000 na 1,200 iliyopita. Njia yenyewe ni hii: unasaga kipande kidogo cha kigae, unayatoa mafuta kwa kemikali, kisha unayapima kwenye mashine. Walikuta dalili za nyama na mafuta ya wanyama, na katika baadhi ya vigae, maziwa na mimea.

Sasa utauliza: kama mafuta yamezama ndani, kukiosha kwa nje kuna ubaya gani? Jibu zuri zaidi ninalolijua limetoka kwenye jaribio jingine lililochapishwa mwaka huohuo wa 2020, na mpishi yeyote wa kuni angelielewa. Wapishi saba walichukua vyungu vipya, wakapika humo kwa karibu mwaka mzima, mara moja kwa wiki, kila mmoja na chakula chake kilekile. Mwishoni baadhi yao wakabadilisha mlo. Ukoko ulioungua ulionyesha mlo wa mwisho tu. Utando mwembamba unaoganda ndani ya chungu ulikuwa na mchanganyiko, ukielemea milo ya mwishomwisho. Mafuta yaliyozama kwenye udongo yalibaki na kumbukumbu ya milo ya mwanzo. Kwa hiyo ukikisugua kwa jivu kabla hujakikabidhi, umefuta habari za siku za mwisho za chungu hicho na kubakiza za zamani. Ukitumia sabuni umeharibu zaidi, maana sabuni nayo ni mafuta. Hata vidole vyako vina mafuta.

Kuna mengine yanayosomeka. Mahindi, mtama na ulezi huchukua kaboni kutoka hewani kwa njia tofauti na ndizi, maharage na mchele, na tofauti hiyo hubaki kwenye mabaki ya chakula. Chungu cha Rungwe kilichopikiwa ndizi miaka yote hakiwezi kutoa vipimo sawa na cha Iringa kilichozoea ugali. Lakini tusikikweze kipimo hiki: hakitakwambia kama ugali ulikuwa wa mahindi au wa ulezi. Na kwa kuwa mimea mingi ina mafuta machache, nyama iliyonona ikipikwa humo huifunika.

Pombe ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu huacha mafuta kidogo sana. Hapo mtu hurudi kwenye macho na vidole. John Arthur, aliyefanya kazi kati ya Wagamo wa kusini mwa Ethiopia, alionyesha kwamba asidi ya pombe inayochachuka huula uso wa ndani wa chungu, ikaacha vishimovishimo. Chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi ya huku kwetu, kinastahili kuangaliwa kwa namna hiyohiyo.

Ila kuna kitu ambacho chungu chenyewe hakiwezi kukisema, na hapa Nyanda za Juu Kusini tuna mfano mzuri kuliko sehemu nyingi. Nenda Matema siku ya Jumamosi, sogea kidogo mpaka soko la Lyulilo. Utakuta vyungu vimepangwa ufukweni, vingi vimeletwa kwa mitumbwi. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi, na hawatumii gurudumu. Nchi yao imebanwa kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone, sehemu ya kulima ni haba, na tangu zamani chungu kilibadilishwa kwa chakula cha Wanyakyusa wa bondeni. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kuhusu biashara hiyo. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mtanzania Simon Waane akaandika kuhusu ufinyanzi wenyewe, akiwafuata Wakisi wa Ikombe.

Kwa hiyo chungu kimoja kina watu wawili: aliyekifinyanga na aliyekipikia, na mara nyingi si wa kabila moja. Wakusanyaji wa enzi za Wajerumani, kama daktari Friedrich Fülleborn aliyezunguka upande huu wa ziwa mwishoni mwa karne ya 19, waliwaita Wanyakyusa kwa jina la Konde. Chungu kilichochukuliwa nyumbani kwa Mnyakyusa kingeweza kabisa kuandikwa Konde hata kama kilitoka kwenye mikono ya mama wa Kikisi. Madini ya udongo yakitazamwa kwa hadubini yanaweza kuonyesha kilikotoka. Mafuta yanaweza kuonyesha kilivyotumika. Jina la mfinyanzi hakuna mashine itakayolitoa, na hapo ndipo ninapowalaumu wakusanyaji wa zamani: walipima upana wa mdomo wa chungu, wakashindwa kuuliza, "Mama, unaitwa nani?"

Tukirudi kwenye kuosha, si mafuta peke yake yanayopotea majini. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, Brian Fagan na John Yellen walichimba katika miaka ya 1960 wakakuta mabaki ya kazi ya kale ya kutengeneza chumvi, na vigae vyake tele. Kigae cha namna hiyo ukikiloweka unaiyeyusha chumvi iliyomo, na chumvi ndiyo habari yenyewe.

Basi kama kwenu kuna chungu cha siku nyingi na mmekubaliana kukitoa, kiacheni kilivyo. Msikifunge kwenye mfuko wa plastiki, maana plastiki nayo huachia kemikali zinazoingia kwenye udongo. Karatasi ya aluminiamu inafaa zaidi. Andikeni kilinunuliwa soko gani, kwa nani, kwa pesa au kwa debe la mahindi, kilipikiwa nini, na kiliacha kutumika lini. Bibi akiwa bado yupo, aulizwe kabla hakijabebwa. Namba wataiandika wenyewe makumbusho, kwa wino mdogo kwenye kitako, juu ya tabaka la vanishi inayoweza kutolewa bila kuugusa udongo.