Je, wajua kwa nini aliyesingiziwa uchawi alikuwa anaomba mwenyewe anywe mwavi?

Nikisoma hadithi za zamani kuhusu watu waliotuhumiwa uchawi huku Rungwe nakutana na kosa lilelile, na hata kwenye rasimu ya kwanza ya hadithi ninayoiandika lilikuwemo. Bibi kaburutwa na umati, kakabwa, kamiminiwa sumu mdomoni, naye analia kwamba uchawi haupo. Hapana jamani. Mara nyingi mtuhumiwa mwenyewe ndo alikuwa anasema nipeni mwavi ninywe.

Mwavi ni gome la mti, linatwangwa linatiwa maji, na lina sumu inayoshambulia moyo. Ukitapika umetakata, usipotapika we mchawi. Na kutapika kweli kulikuwa kunaokoa maana sumu inatoka kabla haijaenea mwilini, kwa hiyo watu waliona kwa macho yao fulani kanywa na kapona, karudi kwake kichwa juu na hakuna wa kumnyooshea kidole tena. Sasa fikiria umesemwa miezi na miezi, ukifika mtoni kuteka maji wenzio wananyamaza, mtoto wa jirani akipata homa wanaangalia mlango wako. Utakikataa kibuyu cha mwavi? Kukataa kwenyewe ilikuwa ni kukiri. Na kubwa kuliko yote, yeye naye aliamini uchawi upo, ila anajua yeye hana.

Hapo ndo waandishi wengi tunakwama, tunampa akili za mtu wa leo. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa na Wanyakyusa, wenyeji wa huku Rungwe, miaka ya 1930, na Monica akaandika kwamba kwa Wanyakyusa uchawi ni chatu anayekaa tumboni mwa mtu, usiku anatoka kusaka nyama na maziwa. Nyama na maziwa! Yaani tuhuma inanusa chakula, inaanzia pale jirani kachinja na hukuitwa, au wewe umekula peke yako. Ukitaka kuandika sherehe ya mazishi kwenye kitabu chako anzia hapo, nani kapewa mnofu na nani kapewa utumbo, nani kanuna. Na waliotuhumiana zaidi ni majirani, siyo ndugu.

Mambo ya kuchoma watu moto tuliyoyaona kwenye muvi tuyaache hukohuko, na hata kwenye zile kesi za uchawi za Salem kule Marekani mwaka 1692 hakuna aliyechomwa, walinyongwa 19. Kwa Wanyakyusa aliyeshindwa mwavi mara nyingi alifukuzwa, akahamia kwa chifu mwingine kuanza upya.

Halafu wakoloni wakapiga marufuku mwavi. Walikuwa sahihi kabisa, gome lile liliua watu wasio na kosa. Ila woga haukukatazika. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ikafanya hata kumwita mtu mchawi kuwe kosa, watu wakaona serikali inawakinga wachawi, na yule asiye na hatia akabaki anasemwa chinichini bila pa kwenda kujisafisha.

Mama ninayemwandika sasa yuko palepale. Anajua mti ulipo, anajua kulitwanga, ila hakuna mzee anayethubutu kusimama shahidi, basi anakata mkungu wa mwisho kwenye migomba yake, anaubeba, mtoto mgongoni, anaondoka kabla hakujapambazuka.