Manusura ni nani hasa?

Rafiki yangu ana daftari la The Walking Dead, tamthilia ya Kimarekani ambamo wafu hutembea na kuwala walio hai, na anayeng'atwa hufa akageuka kuwa mmoja wao. Aliianza tamthilia hiyo akiwa amechelewa, ilhali misimu yote 11 imeshaisha, na wahusika ni wengi kiasi kwamba bila kuandika mtu anapotea. Kurasa zake zina safu mbili: kushoto "Wahanga", kulia "Manusura". Mhusika akifa, jina linakatwa kulia kwa kalamu nyekundu na kuhamia kushoto. Kazi safi, nami nilikuwa naipitia kwa raha mpaka nikamkuta Judith Grimes, kichanga wa siku moja, ameshaingizwa kwa manusura. Nikanyamaza. Nikafungua ukurasa wa Hershel, mzee aliyekatwa mguu, nikakuta pembeni pameandikwa "mhanga aliyenusurika". Hapo uvumilivu ukaniisha.

(Kama bado unaitazama, acha kusoma hapa. Yanayofuata yamejaa vifo.)

Maana kwanza, upesi. Manusura ni mtu aliyetoka hai katika balaa ambalo lingeweza kumuua. Kamusi nyingi zinakomea karibu na hapo, na hazijakosea. Tatizo linaanza watu wanapoifupisha maana hiyo zaidi, ikabaki "mtu ambaye hajafa". Kwa kipimo hicho, mimi na wewe tunaosoma haya sote ni manusura, na neno halina kazi tena.

Tazama lilikotoka. Kiarabu kina mzizi wa herufi tatu, n-s-r, unaobeba maana ya msaada, hasa ule msaada unaomfanya mtu ashinde. Ansari, wale watu wa Madina waliompokea Mtume, jina lao limetoka humo: ni wasaidizi. Khalifa aliyeijenga Baghdad mwaka 762 alijiita al-Mansur, yaani aliyenusuriwa, aliyepewa ushindi. Kiswahili kikaupokea mzizi huo kikapata nusuru, ambalo mpaka leo linasikika zaidi kwenye dua kuliko mahali pengine popote: Mungu atunusuru. Ukinusuriwa, kuna kitu kilikuwa kinakujia na kuna mkono ulioingia kati.

Kutoka hapo tukapata na nusura, ambalo wengi tunalitumia bila kulihusisha na msaada hata kidogo. Nusura aanguke. Nusura gari limgonge. Linasema jambo lilikaribia kabisa kutokea, halikutokea. Na lipo pacha wake mwenye kilemba, almanusura, aliyekuja na al- yake ya Kiarabu: almanusura wafe wote. Inakuwaje neno la msaada liwe neno la "karibu"? Mimi nalisoma hivi: ukisema nusura aanguke umeshasema mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba anguko lilikuwepo na kwamba kuna kitu kililizuia. Manusura ni mtu mwenye "nusura" yake. Ukimwita mtu manusura, msikilizaji ana haki ya kuuliza: nusura nini? Nusura azame, nusura aungue, nusura ang'atwe? Kama huna jibu, umetumia neno lisilo lake.

Ndiyo maana katika usemi wa kawaida neno hili halipendi kusimama peke yake. Tunasema manusura wa ajali, manusura wa moto, manusura wa mauaji. Ile "wa" ikikosekana, basi balaa lenyewe limeshatajwa sentensi moja nyuma.

Na kwa kuwa niko kwenye sarufi, nimalizie dukuduku jingine: hakuna mnusura. Nimeliona likiandikwa, "mnusura mmoja, manusura watatu", kana kwamba ma- ile ni ya wingi, ile ya mawe na mayai. Siyo. Ni manusura mmoja na manusura watatu, kama tusemavyo marehemu mmoja na marehemu watatu, majeruhi mmoja na majeruhi kumi, mahabusu mmoja na mahabusu wote. Hayo matatu ya mwisho yana sifa ya pamoja inayonipendeza: yote, kwa asili yake ya Kiarabu, ni majina ya watu waliotendewa. Marehemu ni aliyerehemewa, majeruhi ni aliyejeruhiwa, mahabusu ni aliyezuiliwa. Manusura, aliyenusuriwa, anakaa nao kwenye benchi moja bila kuona haya. Daftari la rafiki yangu kwa kweli ni orodha ya watu waliotendewa, hata wale waliobeba bunduki.

Sasa tuingie kwenye tamthilia yenyewe, maana imejaa mifano kuliko kitabu chochote cha sarufi.

Mwanzoni kabisa, jijini Atlanta, Merle Dixon anafungwa pingu kwenye bomba juu ya paa. Ufunguo unadondoka na kutokomea kwenye tundu la maji, wenzake wanakimbia, mlango wa paa unafungwa kwa mnyororo. Waliporudi kumchukua walikuta msumeno, damu, na kiganja chake. Mwenyewe hayupo. Huyo ni manusura, hakuna wa kubisha: alinusurika. Lakini je, alisalimika? Hapana. Kusalimika kuna salama ndani yake, na mtu aliyejikata mkono ili atoke hakutoka salama. Aliponea chupuchupu, sawa. Aliokoka? Ukitaka, ingawa neno hilo siku hizi limehamia kanisani na linakuja na ushuhuda. Kiswahili kina maneno manne au matano hapa na kila moja lina pembe yake, halafu tunayatupa yote tunabaki na "ku-survive". Nitaacha hilo kabla sijapandwa na jazba.

Hershel ni vilevile. Msimu wa 3, ndani ya gereza, anang'atwa mguu, Rick, kiongozi wa kundi, anaukata kwa shoka dogo kabla sumu haijapanda. Kuanzia dakika ile Hershel ni manusura: nusura ageuke. Msimu wa 4 Gavana, adui wao, anamkata shingo mbele ya uzio. Kuanzia hapo ni marehemu. Mtu mmoja, maneno mawili, nyakati mbili, na hakuna mahali neno mhanga linapohitajika.

Maana mhanga naye ana kwao. Kutoa mhanga ni kutoa kafara; kujitoa mhanga ni kuiweka roho yako rehani kwa ajili ya wengine, kwa kujua. (Yupo na mhanga mwingine, mnyama mchimba mashimo anayekula mchwa. Huyo hahusiki na lolote.) Ninajua kwamba vyombo vya habari vimezoea "wahanga wa mafuriko" kwa maana ya watu waliopatwa na mafuriko, na ninajua kwamba vita hiyo huenda nimeshaishindwa. Lakini aliyepatwa na jambo bila kutaka ni mwathirika, au mwathiriwa ukipenda hivyo, na kumwita mhanga ni kumpa ushujaa ambao hakuuomba, huku ukiwapunguzia wale walioulipia.

Na katika tamthilia hii walioulipia wapo. T-Dog, msimu huohuo wa 3, ameshang'atwa begani na anajua saa zake zinahesabika. Kwenye ujia wa gereza wafu wawili wanawazuia yeye na Carol. Anawavamia, anawasukumia ukutani, wanamla, na Carol anapita. Huyo ndiye mhanga. Sasha, mwisho wa msimu wa 7, anameza sumu akiwa ndani ya jeneza ili litakapofunguliwa mbele ya adui atoke akiwa mfu mwenye njaa. Mhanga huyo. Ila kuwapanga T-Dog na Sasha safu moja na kila aliyepigwa risasi ya bahati mbaya, kisa tu wote wamekufa, ni kufuta kitu ambacho waandishi wa tamthilia walikihangaikia. Safu ya kushoto ilipaswa kuitwa "Waliokufa". Neno la kawaida, halidai chochote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Rick mwenyewe. Msimu wa 9, sehemu ya 5, iliyorushwa Novemba 2018: amechomwa ubavuni na nondo, kundi kubwa la wafu linavuka daraja kuelekea kwa watu wake, naye analenga baruti na kufyatua. Daraja linalipuka. Daryl, Michonne na Maggie wanaona kwa macho yao. Alijitoa mhanga? Ndiyo, kwa kila maana ya neno hilo. Alikufa? Hapana: mto ulimtupa ukingoni, helikopta ikamchukua, na mwaka 2024 akarudi na mfululizo wake mwingine. Yaani ni mhanga na ni manusura kwa tukio lilelile. Kwenye daftari lenye safu mbili Rick hana pa kukaa.

Kabla yake alikuwepo Glenn. Oktoba 2015 anaanguka kutoka juu ya pipa kubwa la taka la chuma, katikati ya kundi la wafu, na mwili wa Nicholas juu yake. Matumbo yanavutwa, yeye anapiga kelele, na kamera inaondoka. Jina la mwigizaji wake likatolewa hata kwenye orodha inayopita mwanzoni. Watu wakaomboleza. Wiki nne baadaye tunaonyeshwa kwamba matumbo yalikuwa ya Nicholas na Glenn alijivuta chini ya pipa. Kwa wiki zile nne Glenn alikuwa nani? Si marehemu, kwa kuwa hatukuona kifo. Si manusura, kwa kuwa hatukuona wokovu. Alikuwa hajulikani alipo, na Kiswahili hakioni aibu kusema hivyo. Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, adui mwingine, Negan, alimuua kwa rungu mbele ya mkewe, na safari hiyo kamera haikuondoka.

Safu ya tatu, basi, "Hawajulikani walipo". Heath alitoweka msimu wa 7 na mfululizo huo ukaisha mwaka 2022 bila kumrudisha. Wengi humwandika kwa waliokufa kwa sababu tu wamechoka kumsubiri.

Kuna na wale waliokufa wakaendelea kutembea. Wapo wanaoandika "amefufuka". Kufufuka ni kurudi na uhai wako, na tamthilia yenyewe imelikataa hilo mapema: mwisho wa msimu wa kwanza Dakta Jenner, mwanasayansi, anawaonyesha picha za ubongo wa mkewe ukizima wote, kisha mwanga hafifu ukirudi kwenye shina tu, chini kabisa. Kumbukumbu na utu havirudi. Neno linalofaa ni kugeuka. Sophia, binti wa Carol, aligeuka; alipotoka kwenye ghala la Hershel hakuwa amefufuka wala hakuwa amenusurika, ingawa alikuwa amesimama kwa miguu yake.

Nisisahau wale wanaochanganya tamthilia na vitabu vya katuni vya Robert Kirkman vilivyoizaa, vilivyotoka kati ya 2003 na 2019. Kwenye vitabu Sophia anaishi mpaka mwisho na kuolewa na Carl mwana wa Rick, huku Carol akifa mapema. Kwenye runinga Sophia na Carl wanakufa na Carol anafika sehemu ya 177, ya mwisho. Daryl hayumo kitabuni kabisa. Ukiniambia "Carl ni manusura", nitakuuliza Carl yupi, kisha nitakuuliza manusura wa nini.

Tumrudie Judith. Amezaliwa gerezani, siku ambayo mama yake alikufa kwa kuchanwa tumbo ili yeye atoke. Janga lililouangusha ulimwengu hakulinusurika, maana halikumkuta. Ndio ulimwengu pekee anaoujua. Ungeweza kumwita manusura wa uzazi ule, na nisingebisha sana. Baadaye, msimu wa 11, anapigwa risasi na kupona, na hapo neno linamkaa sawasawa. Lakini kuwa hai peke yake, tangu siku ya kwanza, kwenye safu ya kulia? Huyo ni "aliye hai".

Nilimwambia rafiki yangu kwa upole, maana daftari ni lake na kalamu nyekundu anaijua kuitumia. Afute "Wahanga" aandike "Waliokufa", na kulia aandike "Walio hai". "Mhanga" aliweke karibu na jina la T-Dog, la Sasha, na ya wengine wachache wa namna hiyo. "Manusura" nalo aliache pembeni, kwa herufi ndogo, na balaa lake likiwa limetajwa: Hershel, manusura wa gereza, mpaka msimu wa 4. Akaniuliza Rick amweke wapi. Nikamwambia ampe ukurasa wake.