Akitoka Ngong, farasi bado ana marobota 4,600 ya kula

Juzi mwendesha boda aliyeniletea chumvi ya mifugo alisimama langoni akamkodolea macho farasi wangu, Mama Mboga, kisha akanimiminia maswali. Anatoa maziwa? Hapana. Anavuta mkokoteni? Hapana. Analiwa? Nikamwambia huku kwetu hatumli. "Sasa unamlisha wa nini?"

Sikumlaumu. Hapa Njoro kila mnyama ana kazi yake. Hata punda wa kubeba maji anajua saa yake ya kutoka. Mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye mazizi ya mbio Nairobi, nikaacha, nikarudi nyumbani kuwafundisha upya farasi waliomaliza mbio. Swali la yule kijana naulizwa karibu kila wiki.

Farasi wa mbio, yaani Thorobredi, huanza kukimbia akiwa na miaka miwili au mitatu. Akifika mitano, sita au saba, wengi wao safari imeisha: mguu umeumia, kasi imepungua, au mwenyewe amechoka kulipa bili. Lakini akitunzwa vizuri anaishi miaka 25, wengine hata 30. Kwa siku anahitaji kama kilo 10 za nyasi kavu. Robota la nyasi za Boma Rhodes la kilo 15 linamtosha siku moja na nusu, kwa hiyo mwaka ni marobota 240 na ushee. Aliyestaafu na miaka 6 akaishi hadi 25 atamaliza marobota yapatayo 4,600. Zidisha na bei ya soko lako. Hapo sijagusa fundi wa kwato kila wiki tano au sita, kupigwa tupa meno, dawa ya minyoo na chanjo. Hesabu hii ndiyo inayoamua maisha yake kuliko vikombe alivyoshinda.

Wachache hubaki kuzalishwa. Jike mwenye ukoo mzuri ana nafasi, ila madume wengi huhasiwa mapema ili watulie kazini, kwa hiyo mlango huo kwao umeshafungwa. Tena viwanja vyenyewe vya mbio vimepungua. Njoro hii ndiko alikokulia Beryl Markham, yule rubani na mkufunzi wa farasi, babake akifuga farasi wa mbio kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na zamani Nakuru na Eldoret zilikuwa na viwanja vyao. Leo umebaki ule wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa 1954.

Wanaonifikia mimi hushuka kwenye lori wakiwa wamekonda mbavuni, wamejaa mapajani, na macho yako juu juu. Watu hudhani kazi yangu huanza na tandiko. Huanza na tumbo. Zizini farasi amekuwa akipewa nafaka nyingi kwa milo michache na nyasi kidogo. Tumbo la farasi ni dogo na hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Kinachoipoza ni mate anayotoa akitafuna nyasi. Ndiyo maana farasi wengi wanaofanyishwa mazoezi ya mbio wana vidonda vya tumbo. Hata hivyo huwezi kumnyang'anya nafaka siku ya kwanza ukamwachia malisho mabichi, kwa sababu vijidudu vinavyomeng'enya chakula utumboni mwake havijazoea. Farasi hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo ukimshika anaweza kufa usiku mmoja. Kwa hiyo nafaka naipunguza kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, nyasi kavu haikosekani mbele yake, na malisho mabichi nampa kwa saa, si kwa siku.

Halafu viatu. Vile vyepesi vya alumini vya mbio tunaving'oa. Ukwato mpya huchukua karibu mwaka kuota kutoka juu hadi ncha, na mwanzoni anatembea kama mtu aliyevua viatu kwenye kokoto. Kama kano ya nyuma ya mguu wa mbele imeumia, na mara nyingi ndiyo inayoumia, hapo hakuna haraka kabisa. Farasi anapokwenda shoti kuna nukta ambapo mguu mmoja wa mbele unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake wote, naye ana kilo 450 hadi 500. Kano iliyochanika hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano. Namtembeza kwa kamba dakika kumi, wiki ijayo kumi na tano, hivyo hivyo miezi tisa au zaidi. Jirani zangu huniona napita barabarani na mnyama anayeweza kumshinda boda, tukitembea polepole kama tunakwenda matangani.

Mwili ukitulia ndipo naanza na kichwa, na hapa ndipo farasi wengi huharibiwa na watu wema. Uwanjani joki, yaani mpanda farasi wa mbio, huketi juu juu, magoti yamekunjwa, hatamu fupi na zimekazwa. Farasi huliegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, ili apate mhimili wa kukimbilia. Kwake yeye, hatamu zikivutwa maana yake ni "nenda". Sasa mweke mgeni mgongoni. Farasi anaanza kutroti, mgeni anaogopa, anavuta. Farasi anatii! Mgeni anavuta zaidi, na kwa woga anambana mbavu kwa miguu mirefu ambayo farasi hajawahi kuihisi hapo, maana miguu ya joki haining'inii. Wakifika kwenye ua, mmoja anapita na mwingine anabaki. Kisha mnyama anaitwa mkaidi, mwenda wazimu, wa kuuzwa.

Nasema haya nikijua. Farasi wangu wa kwanza alinibwaga kwenye shamba la ngano nikiwa nimevuta hatamu kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa na miaka mingi ya usaisi. Kumlisha na kumpiga brashi kulikuwa kitu kimoja, kumfundisha lugha nyingine kabisa ni kitu kingine. Hata kusimama tuli ukimpanda hajui: joki hurushwa mgongoni farasi akiwa anatembea. Somo langu la kwanza, kwa wiki nzima wakati mwingine, ni kusimama tu, kando ya jiwe, bila kufanya lolote.

Anayefuzu ana kazi. Gilgil kuna polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, na Thorobredi huipenda kwa sababu ni mbio fupi za kusimama na kugeuka, japo wale warefu mno hawafai. Wengine huenda kuruka viunzi Jamhuri Park, wengine kubeba watalii mbugani, kazi inayotaka farasi asiyetoroka akinusa tembo. Wachache sana, waliotulia mno, hufaa kufundishia watoto. Mzazi akiniambia anataka Thorobredi wa miaka mitano kwa mtoto wa miaka minane huwa najifanya mtandao umekatika.

Wasiofuzu huuzwa mkono kwa mkono, kila mkono bei ikishuka. Hilo si la Kenya peke yake. Farasi Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio maarufu za Marekani, mwaka 1986, mwaka uliofuata akatajwa farasi bora wa Marekani; aliuzwa Japani kuzalisha, na mwaka 2002 akaishia machinjioni. Baada ya aibu ile, mwaka 2012 Wamarekani walianzisha Thoroughbred Aftercare Alliance, inayokagua na kufadhili vituo vya farasi waliostaafu. Uingereza walikuwa na shirika lao la kuwafundisha upya farasi wa mbio, Retraining of Racehorses, tangu 2000. Huku kwetu mambo mengi huenda kwa simu: mkufunzi anampigia mtu anayemfahamu, naye ananipigia mimi. Kwa maoni yangu, sehemu ya ada anayolipa mwenye farasi tangu siku anamsajili ingewekwa kando kwa ajili ya siku ya kustaafu. Siku hiyo ikifika ndipo uanze kuomba pesa, umechelewa, maana mwenyewe ameshamchoka.

Kumuuza nje pia ni mtihani. Kenya ina ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, na nchi nyingi zina masharti makali ya karantini. Pundamilia huwa na virusi hivyo bila kuonekana kuugua, nasi Nakuru tumewazungushia mbuga mlangoni mwa mji. Mtu mmoja alinunua farasi mzuri kwa bei ya ng'ombe, akampeleka Kisumu apigwe picha na watoto kando ya ziwa. Joto, matope, usubi jioni, na chanjo ya kila mwaka hakuijua. Alinipigia akisema farasi anatoka povu puani. Nilijua hata kabla hajamaliza. Ugonjwa huo ukishika mapafu, ni siku chache. Sasa kila anayechukua farasi kwangu huondoka na kadi ya chanjo, na sharti kwamba jua likianza kuzama mnyama awe ndani.

Wapo pia ninaowaombea sindano ya mwisho. Farasi ambaye kila hatua ni maumivu, au aliyejeruhi watu wawili na sababu yake hatuipati, sitamtuma kwa mtu mwingine ili nisione mwisho wake. Daktari wa mifugo huja, namshika mwenyewe, tunamlisha karoti. Shimo lazima liwe limechimbwa tayari na liwe refu, kwa kuwa dawa ile hubaki nyamani na huua mbwa, fisi na tai watakaoufukua mzoga.

Mama Mboga, kwa taarifa ya yule wa boda, ana miaka 19. Jina lake la uwanjani lilikuwa refu la Kizungu; hili alilipata siku alipovunja ua akamaliza sukuma wiki ya mama mkwe wangu. Hapandwi tena. Ila wageni wakishushwa kwenye lori, wakiruka na kupiga kelele, nawaweka boma la jirani yake. Yeye hainui hata kichwa, anaendelea kutafuna, na baada ya saa moja au mbili yule mgeni naye ameinamia nyasi.

Kesho naletewa dume aliyehasiwa, miaka sita. Aliyenipigia amesema ni mpole. Kwenye simu wote huwa wapole. Boma liko tayari, na fundi wa kwato nimemwambia Alhamisi.