Ukilikuza mno, linakupotea

Kila Julai, kundinyota la Nge likishapanda juu upande wa kusini, naulizwa swali lilelile: "Nimeelekeza darubini kwenye M7, mbona naona nyota tu, silioni fungu?" Nami huuliza kwanza: umetumia lenzi gani ya jicho, ile ndogo unayochungulia kwenye darubini?

M7 ni fungunyota kubwa lililotawanyika, yaani nyota nyingi zilizokaa pamoja. Upana wake angani unapita nyuzi (digrii) moja, sawa na miezi mipevu miwili na ushee ikipangwa sambamba. Penye giza la kweli, mbali na taa za mji, linaonekana kwa macho matupu kama doa la ukungu. Ptolemy, mnajimu wa kale wa Aleksandria, aliliona hivyohivyo yapata mwaka 130, akaliandika kuwa wingu linalofuata mwiba wa Nge.

Kulipata ni rahisi. Tafuta mkiani nyota mbili zilizokaribiana, Shaula na Lesath. Nge akiwa juu kabisa kusini, nyosha mkono, upime vidole vitatu kutoka Shaula kwenda mashariki, juu kidogo.

Sasa hesabu, maana ndipo wengi wanapokwama. Darubini yangu ina kioo cha milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga husafiri toka kwenye kioo hadi unapokusanyika) wa milimita 650. Ukuzaji ni urefu huo ukigawanywa kwa milimita za lenzi ya jicho. Nikiweka lenzi ya jicho ya milimita 10, inakuza mara 65, na kipande cha anga ninachokiona hakifiki hata nyuzi moja. Fungu halienei, kwa hiyo nimesimama ndani yake bila kujua. Nikiweka ya milimita 25, inakuza mara 26 tu na kunipa karibu nyuzi mbili. Hapo linaingia zima, na linabakiwa na ukingo wa anga pande zote. Ukingo huo ndio unaolifanya liwe fungu. Nyuma ya M7 kuna sehemu nene ya Njia Nyeupe, nyota hafifu zisizohesabika zilizo mbali kupita fungu lenyewe, na jicho lisipopata cha kulinganisha huzichanganya zote.

Ninaowafundisha huwaambia waanzie nje: sogeza darubini hadi fungu litoke kabisa, kisha lirudishe polepole. Nyota angavu zikianza kumiminika, utajua mpaka ulipo. Mimi napenda sana dakika hiyo.

Kisha tulia, utazame rangi. Nyingi ni nyeupe zenye ubuluu, lakini inayong'aa kuliko zote ni ya manjano. Fungu hili lina miaka kama milioni 200, muda wa kutosha kwa nyota nzito kumaliza haidrojeni ya kiini chake, ikavimba na kupoa usoni. Kilimia, fungunyota jingine, ni kichanga zaidi, kina miaka milioni 100 hivi, na nyota zake kuu zote bado ni za buluu. Mwanga wa M7 unaoingia jichoni mwako uliondoka huko karibu miaka 1000 iliyopita, Husuni Kubwa, lile kasri la Kilwa, ikiwa haijajengwa.

Ukishalizoea zima, rudisha lenzi ya milimita 10 na uzipitie nyota za katikati, mbili mbili.