Kufungua kodi ya programu huria kwenye IDE: watu wanavyodhani na ukweli wenyewe

Mtu anashusha kodi (yaani msimbo, source code) ya programu huria, anaifungua kwenye IDE, ile programu ya kuandikia na kujengea kodi, kama IntelliJ au Eclipse, skrini nzima inakuwa nyekundu, anaifunga na kusema hii programu mbovu. Jamani hapana. Mara nyingi kodi ni nzima kabisa, shida ni namna ilivyofunguliwa, na inauma kuona watu wenye uwezo wanaacha kuchangia miradi mizuri kwa sababu ya dhana ambazo zingerekebishwa kwa dakika chache.

"Fungua folda tu, IDE itajua yenyewe"

Hii ndo kubwa kuliko zote. Kinachojua mradi unajengwaje sio IDE, ni faili la bildi (la kujengea mradi): pom.xml kama ni Maven, build.gradle au build.gradle.kts kama ni Gradle (hizi mbili ni zana za kujengea miradi, hasa ya Java), CMakeLists.txt kwa C++, Cargo.toml kwa Rust, go.mod kwa Go. Humo ndo kuna majina ya laibrari (kodi za watu wengine ambazo mradi unazitegemea) zinazotakiwa na matoleo yake na mipangilio mingine yote ya kujenga, IDE inasoma tu. Sasa ukibonyeza New Project halafu ukabandika mafaili ya watu ndani yake umetengeneza mradi mwingine mtupu ambao haujui lolote, na hapo ndo mateso yanapoanza. Kwenye IntelliJ nenda File, Open, uchague pom.xml yenyewe, ikikuuliza sema Open as Project. Eclipse ni File, Import, Maven, Existing Maven Projects. Halafu tulia, mara ya kwanza inashusha laibrari zote kutoka intaneti kwa hiyo acha ule mstari wa chini umalize kazi yake kabla hujaanza kulalamika.

"Kushusha zipu na kukloni ni kitu kimoja"

Sio kabisa. Kukloni ni kunakili mradi pamoja na historia yake kwa kutumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi. Zipu ya GitHub haina folda ya .git, kwa hiyo huna historia, huwezi kuhama tawi (toleo lingine la kodi linaloendelezwa sambamba), na mradi ukiwa na submoduli (miradi mingine ya Git iliyowekwa ndani yake) zile folda zake zinakuja tupu. Unaona folda ipo, jina lipo, ndani hakuna kitu, na kosa linalotokea linasema faili fulani halipo, wala halikutajii submoduli. Kloni kwa `git clone --recurse-submodules`, na kama ulishakloni bila hivo basi `git submodule update --init --recursive`. Pia kuna miradi, hasa ya Python inayotumia setuptools-scm, inasoma namba ya toleo kutoka kwenye tagi za Git (alama za matoleo kwenye historia), ukiibildi kutoka kwenye zipu inaweza kugoma hapohapo.

"Mistari myekundu maana yake kodi imeharibika"

Nyekundu ya mwanzo kwa kawaida inasema IDE haijapata kitu fulani. Labda laibrari hazijashuka, labda JDK (vifaa vya Java vya kujengea programu) haijachaguliwa, au kuna klasi ambazo hazimo kwenye repo (hifadhi ya mradi kwenye Git) kwa sababu zinazalishwa wakati wa kubildi. Mfano mzuri ni mradi wenye mafaili ya .proto (maelezo ya muundo wa data): klasi za Java zinatengenezwa na plugini, kwa Maven kawaida unazikuta chini ya target/generated-sources, na kabla hujaendesha `mvn compile` hazipo popote duniani, sasa IDE itazitoa wapi? Watu wakiona hivo wanaanza kutafuta jar (mafaili ya laibrari za Java) mojamoja mtandaoni na kuziongeza kwa mkono. Tafadhali usifanye hivo, unachanganya matoleo na mradi unazidi kuharibika.

Mimi ninachoshikilia ni hiki: kabla ya kufungua IDE yoyote, bildi kwenye terminali kwa komandi iliyoandikwa kwenye README au CONTRIBUTING.md. Ikipita huko, unajua kodi na mashine viko sawa na kilichobaki ni mipangilio ya IDE tu. Isipopita, IDE haitakuokoa.

"Java mpya kabisa ndo salama"

Gradle ya zamani haiwezi kuendeshwa na Java mpya. Ukiona "Unsupported class file major version 65", hiyo 65 ni Java 21, na Gradle imeanza kuendeshwa na Java 21 kuanzia toleo 8.5 (61 ni Java 17, 52 ni Java 8). Dawa ni kutumia JDK ambayo mradi unaitaka, unaweza kuwa nazo kadhaa kwenye mashine moja bila ugomvi. Na hapa kuna mtego: IntelliJ ina sehemu mbili, SDK ya mradi (JDK inayotumika kwa kodi yenyewe) na Gradle JVM (Java inayoiendesha Gradle), ukibadilisha moja nyingine inaweza kubaki kama ilivyokuwa, ndo maana terminali inabildi vizuri huku IDE inakataa.

"Lazima nisakinishe Gradle kwanza"

Ukiona gradlew au mvnw (skripti ndogo za kuendeshea Gradle na Maven) kwenye repo, tumia hiyo. Inashusha yenyewe toleo ambalo waandishi wa mradi wamelichagua.

"SDK location not found, basi repo ina upungufu"

Hii ni ya Android. Njia ya SDK (folda ya vifaa vya kujengea programu za Android) inakaa kwenye local.properties, na faili hilo halipandishwi Git makusudi kwa sababu kila mashine ina njia yake. Andika sdk.dir yako humo au weka ANDROID_HOME, basi.

"Kufungua mradi sio kuuendesha"

Hapa naomba watu wawe makini kweli. build.gradle ni programu, na IDE ikisawazisha mradi wa Gradle inaiendesha hiyo programu kwenye mashine yako kabla hujabonyeza Run. Ndo maana IntelliJ inakuuliza kama unauamini mradi, na VS Code nayo ina swali hilohilo tangu 2021. Watu wanabonyeza ndiyo bila kusoma. Kwa repo usiyoijua chagua kufungua kwa hali ya tahadhari, soma faili la bildi na folda ya .vscode kama ipo, angalia kuna komandi gani zinaitwa humo, ukiridhika ndo uiruhusu.